Debe la Ng'ambo ya Minyaa

Mungaa, jioni, kesho unasafiri

Mwanangu Yulita,

Umetoka sasa hivi kwenda kuaga kwa shangazi yako, na ninavyomjua dada yangu, hatakuachia mpaka umekula mara mbili na umefungiwa kuku wa njiani. Kwa hiyo nina nafasi ya kuandika. Nimekaa barazani kwenye kiti chako, maana changu umekijaza nguo zangu za kufua. Unasema utazifua kabla hujaondoka, utadhani mimi sina mikono. Nyumba imenyamaza kabisa. Nimeusikiliza huu ukimya kidogo, nikajisemea, haya Paskali, huyu ndiye mwenzako kuanzia kesho, anza kumzoea.

Ningeweza kukueleza haya kwa mdomo tukiwa tunasubiri basi pale Mkiwa, lakini tunajuana. Nikianza tu utasema, "Baba, najua," mimi nitakasirika, na tutaagana tumenuna mbele ya wauza karanga. Simu nayo ni hivyo hivyo. Karatasi haitanikatiza. Nitaiweka kwenye mkoba wako, chini ya kile kitenge cha mama yako, ili uikute ukiwa umeshafika mbali.

Sitaandika habari za kuchemsha maji, wala za kuvaa sweta, wala za vijana wa Itigi unakokwenda kufundisha. Hayo yote shangazi yako anakueleza sasa hivi huku akikupakulia. Mimi nataka kuandika habari za fisi. Cheka tu. Mama yako naye angecheka.

Nataka kuandika habari za fisi kwa sababu wao ndio wamekushika miguu. Barua ya kazi ilipokuja uliisoma, ukaikunja, ukaenda kukamua mbuzi. Baba wengine wanaona binti zao wanaruka na kupiga vigelegele, mimi nilikuona umeinama chini ya mbuzi unanificha uso. Kesho yake ukaniambia utaomba wakupangie shule ya karibu, hata Ikungi. Nikakuuliza kwa nini. Ukasema, "Nani atafunga mbuzi, baba? Na ukisahau komeo siku moja tu?" Nikakujibu kwamba mimi si mbuzi wa kulindwa, na nilisema kwa sauti kubwa mpaka mbwa wetu Kamanda akatoka chini ya meza. Siku ile hatukusemeshana.

Sasa umekubali kwenda, lakini umekubali nusu. Begi lako umelifunga kama la mtu anayekwenda kulala mahali siku chache. Umemwita fundi akaongeza komeo la pili. Na juzi nilikusikia unamwambia rafiki yako kwenye simu kwamba ukiona hali ya huku si nzuri utaacha kazi mwisho wa mwezi urudi. Hiyo "hali ya huku" ni mimi. Basi naandika ili usirudi.

Wewe ulikuwa mdogo tulipohama kutoka kwenye tembe la bibi yako, yule niliyekupa jina lake, ndiyo maana mpaka leo nakuita mama. Unalikumbuka tembe hilo kama stoo ya alizeti. Mimi nilizaliwa mle ndani. Upande mmoja tulilala sisi, upande wa pili walilala mbuzi na ndama, na katikati palikuwa na ukuta mfupi tu wa miti na udongo. Usiku nilimsikia mbuzi akicheua karibu na kichwa changu. Shuleni wenzangu waliokaa kwenye nyumba za bati walisema nanuka beberu, na walikuwa wanasema kweli. Nikaapa kwamba nikiwa na nyumba yangu, mbuzi atalala kwake na mimi nitalala kwangu.

Na nikaipata. Mwaka ule alizeti ilikubali, nikapiga tofali, nikaezeka bati, nikapaka rangi ya bluu mbele hata kabla sijaweka milango ya ndani. Mbuzi nikawajengea zizi la miiba nje, mbali kidogo na nyumba, ili harufu isifike. Nikaanza pia kuchinja siku za mnada na kuuza nyama pale njiani. Utumbo, kwato na vichwa vilivyokosa mnunuzi nilivitupa nyuma ya choo. Nilijiona mtu mkubwa. Mama yako aliuliza mara moja tu kama si vizuri kuvifukia. Nikamwambia mbwa watakula.

Waliokula unawajua.

Mbuzi wa kwanza alipochukuliwa nilisema ni bahati mbaya. Wa pili nikalaumu zizi, nikaongeza miiba. Fisi akachimba chini yake, akamburuta mbuzi mwenye mimba mpaka kwenye shamba la uwele. Hapo ndipo nilipoanza vituko ambavyo mpaka leo watu wakinywa wananitania navyo. Niliacha redio inaongea usiku kucha karibu na zizi, ili fisi adhani kuna watu. Alichukua mbuzi redio ikisoma taarifa ya habari. Nikatengeneza mtu wa majani, nikamvika koti langu na viatu vyangu vya ngozi. Asubuhi mtu wa majani yupo, koti lipo, viatu havipo. Mama yako alicheka mpaka akakaa chini kwenye vumbi na miguu ameinyoosha, akawa anarudia, "Amekuachia koti, baba Yulita, ana huruma." Niliudhika wakati ule. Sasa hivi ningetoa viatu vingine nimsikie akicheka vile.

Kamanda wa kwanza, babu yake huyu mbwa wa sasa, tulimleta wakati huo. Tulimpa jina hilo tukitarajia makubwa. Usiku wa kwanza fisi alipolia, Kamanda aliruka dirishani, lakini aliruka kuja ndani.

Hapa ndipo habari inapoacha kuchekesha. Ng'ambo ya kiwanja chetu alikuwepo Bibi Tatu, kama alivyo mpaka leo, kwenye tembe lake, na mbuzi wake ndani. Fisi hakumgusa. Alipita pembeni ya ukuta wake, akaja moja kwa moja kwangu. Watu wakaanza kuuliza kwa nini. Unajua huku kwetu swali la namna hiyo linakwenda wapi. Mwanamke mzee, mjane, hana mtoto aliye hai, macho mekundu kwa moshi wa kuni, na fisi wanapita kwake kwa heshima. Halafu kulikuwa na lile debe. Kila fisi alipokuja kwangu, muda mfupi kabla yake debe la Bibi Tatu lililia. Linalia, halafu fisi anafika. Kijana mmoja akasema, mbona iko wazi, anawaita. Anapiga debe wanakuja, kama mtu anavyoita kuku kwa bati la mahindi.

Nami nikaamini. Sikuamini kwa sababu nilikuwa na ushahidi. Niliamini kwa sababu vinginevyo ningelazimika kuutazama uchafu wa nyuma ya choo changu. Tangu hapo, debe lile lilipolia nilijifunika shuka mpaka kichwani, nikasali rozari kwa haraka, nikangoja mpaka kuwe kimya. Asubuhi natoka nahesabu mbuzi.

Ukafika mkutano wa kitongoji. Vijana walitaka Bibi Tatu ahame. Mwenyekiti aliniuliza mimi kwanza, kwa kuwa mimi ndiye niliyepoteza wengi, akasema, "Mzee Paskali, wewe unasemaje?" Nikatazama chini, nikasema sina la kusema. Ningesema neno moja tu la kumtetea yangekwisha, lakini nilisema sina la kusema, na vijana wakaelewa walivyotaka kuelewa. Mama yako alikuwa amekaa na wanawake. Alisimama, akakung'uta kanga yake, akavuka katikati ya mkutano mzima, akaenda kukaa chini karibu na Bibi Tatu, bega kwa bega.  Hakuna aliyethubutu tena kuongea habari ya kuhama. Ulikuwa mgongoni kwake, na ulikuwa unakula hindi.

Nilifika nyumbani na hasira ya mtu aliyeaibika. Badala ya kumwomba mama yako msamaha nilikwenda kukata matawi ya minyaa, ile miti ya utomvu. Nikaipanda mstari mzima kati ya kiwanja chetu na cha Bibi Tatu, nikaziba na ile njia ndogo ambayo mama yako alipita kwenda kuomba moto na kupeleka mboga. Nilimwambia ni ua wa kuzuia fisi. Yeye aliitazama minyaa ile, akaniambia, "Fisi anazunguka anaingilia upande wa mabonde, baba Yulita. Huku umemzuia nani?" Nikamwambia anipe chakula.

Minyaa haihitaji maji. Usipoiangalia inakua, ukiisahau inakua zaidi.

Mengine unayajua, tuliyaona pamoja. Mama yako alipougua na kushindwa kutoka kitandani, aliniomba nifungue ile njia ili Bibi Tatu awe anakuja kukaa naye. Nilimjibu kwamba utomvu wa minyaa unapofusha, nitaikata ukipita msimu wa upepo. Bibi Tatu akawa anakuja kwa barabara, anazunguka mpaka kwa yule muuza vocha, halafu anapanda kilima na fimbo yake, na wewe unamshika mkono. Angepita kwenye njia ya zamani asingemaliza hata kumeza mate. Nilikuwa nakaa hapa barazani namwona anakuja kuanzia mbali, anasimama kupumzika, anakuja tena. Nikawa najiambia kesho nitaikata. Siku tuliyomzika mama yako, Bibi Tatu alikuja kwa barabara.

Huwa unaniuliza kwa nini jioni siketi upande ule wa baraza. Ni kwa sababu hiyo. Kutoka pale barabara yote inaonekana, na leo nimekaa hapo hapo, kwenye kiti chako.

Baada ya hapo tulibaki wawili, na kaka yako aliyeko Mwanza anapiga simu sikukuu. Ndipo ulipoanza kazi yako bila kuniuliza. Ulichimba shimo, ukafukia kila mfupa na kila utumbo, na kila ng'ombe wa jirani alipozaa ulikwenda kuhakikisha kondo la nyuma nalo limefukiwa. Ukaniambia niache kuchinjia nyumbani. Ukatoa alizeti kwenye tembe la bibi yako, ukaziba ufa, ukafunga mlango wa mbao, ukawaingiza mbuzi. Nilikasirika kupita kiasi. Nilisema watu watatucheka, kwamba nimejenga nyumba ya bati kutoka kwenye tembe na binti yangu ananirudisha huko huko na mabeberu yangu. Ukanijibu ukiwa umebeba udongo, "Baba, hawa wanakuja kula. Wakikosa chakula, watakuja kukuangalia wewe?" Nikaenda kutembea. Tangu siku zile hatujapoteza mbuzi. Fisi bado wanapita, wananusa, wanakwenda zao. Na usiku wakilia, wewe unatoka barazani unapiga debe. Unapiga mara mbili, unanyamaza, unapiga tena mara mbili. Mimi nikadhani ni mtindo wako tu.

Sasa nakueleza la wiki iliyopita, ulipokwenda mjini kununua vitu vyako ukalala kwa mama yako mdogo kule Mandewa. Uliniachia maagizo hata ya kuku. Niliyafuata yote, naapa. Nilifunga makomeo yote mawili. Nikala ugali wako uliobaki, nikazima taa, nikalala. Na nikaona jinsi nyumba hii ilivyo kubwa. Sijawahi kulala ndani yake peke yangu tangu niijenge. Nikawa nasikia bati linavyojikunja kwa baridi, nikakumbuka yule mbuzi aliyekuwa akicheua karibu na kichwa changu, na kwa mara ya kwanza nikamtamani. Nililia, mama. Mzee mzima na rangi yangu ya bluu mbele ya nyumba.

Ndipo debe la Bibi Tatu lilipolia. Mkono wangu ukavuta shuka wenyewe, kwa mazoea. Halafu nikafikiri, Yulita hayupo, nikijifunika ni nani atatoka? Nikaamka. Nikachukua debe lako na ule mwiko mkubwa, nikatoka barazani, nikapiga hovyo hovyo kama mtu aliyepagawa. Kweli fisi alikuwa anakuja. Nilimwona kwenye mwanga wa taa ya sola, kiuno kimeshuka, amesimama pale pale nilipokuwa nikitupa utumbo. Alinitazama. Nikapiga tena. Na ng'ambo ya minyaa debe likanijibu. Nikipiga, linajibu. Fisi aligeuza shingo huku na huku, akaona amezungukwa na watu walio macho, akageuka akaondoka. Tulikuwa wazee wawili tu na madebe yetu, lakini yeye hakujua hilo.

Asubuhi sikunywa hata chai. Nilikwenda kusimama kwenye minyaa, nikaita, "Shikamoo bibi."

Nikasikia fimbo yake. "Marahaba. Nani, baba Yulita?"

"Ni mimi."

"Ameondoka yule?"

"Ameondoka."

"Nimejua uko peke yako," akasema. "Binti anapiga mbili mbili. Wewe unapiga kama bati limeangukiwa na jiwe."

Nikamuuliza yeye na wewe mmeanza lini. Akasema tangu mama yako amezikwa, kwamba fisi akipita kwake anapiga uamke, na wewe unamjibu mbili mbili ili ajue umeamka, naye arudi kulala. Nikasimama pale na uzee wangu wote. Nikamwambia, bibi, nikuulize jambo, usinikasirikie. Zamani, kabla ya hapo, debe lile ulikuwa unampigia nani?

"Wewe," akasema. "Anapita kwangu kwanza ndipo aje kwako. Nilikuwa nakuamsha. Wewe una usingizi mzito sana, baba Yulita."

Nikamwambia tulisema anawaita. Sikujua kama nitaweza kulitamka, lakini lilitoka. Bibi Tatu alicheka mpaka akakohoa. "Mwanangu, mimi nina mbuzi na meno mawili. Nimwite fisi nimkaribishe nini?" Kisha akaacha kucheka. Nikamuuliza, na baada ya ule mkutano, kwa nini uliendelea kupiga? Nikasikia fimbo yake ikigonga udongo. Akasema, "Mbuzi hawakuwepo mkutanoni."

Ndivyo alivyosema. Alikwenda kufungulia kuku wake akaniacha nimesimama na vijiti vile vya kijani mbele ya uso wangu. Miaka yote ile, mama, nilikuwa na mtu anayeniamsha, na mimi nikajifunika shuka.

Leo mchana ulipokwenda kuwaaga walimu wako nimeikata minyaa. Si yote, mwili wangu hauwezi. Nimekata pale palipokuwa na njia, nyuma ya choo, upana wa mtu na ndoo yake. Nilijifunga kitambaa, lakini unajua mimi na subira, utomvu ukaniruka machoni. Nikapiga kelele. Bibi Tatu akaja, akapita kwenye uwazi ule ule niliokuwa nimeufungua, akiwa wa kwanza kuupita, na kikombe cha maziwa ya mbuzi. Akaniambia nikae chini kama mtoto, akanifungua kope kwa kidole, akanimiminia maziwa, jicho moja baada ya jingine. "Sasa na wewe una macho mekundu," akasema. "Tuone watasema mbuzi wako wanalindwa na nani."

Ndiyo maana uliporudi ukaniuliza kama nimelia. Nilikwambia ni vumbi. Ilikuwa ni minyaa, na nilikuwa nimelia pia.

Kesho asubuhi kabla hatujapanda pikipiki nitakuambia nenda kamuage Bibi Tatu. Utachukua kandambili zako uelekee barabarani kama ulivyozoea. Nami nitakuita, nitakuambia hapana, pitia huku nyuma. Ukisoma hapa utakuwa umeshapita, na utajua kwa nini nilikuwa nakutazama vile.

Nimejaribu kufikiri nikupe nini cha kubeba kutoka kwenye haya yote, na sioni la maana la kuzidi unalolijua tayari. Huko uendako utakuwa mgeni, na utasikia watu wanamsema mtu fulani. Labda atakuwa anakaa karibu na wewe. Mimi nilikuwa mtu mwema, mama, watu wote wa hapa watakuambia hivyo. Nilichangia misiba, nilikwenda kanisani, sikumpiga mama yako. Na bado nilikaa kwenye mkutano nikatazama chini. Ilikuwa rahisi kuliko unavyodhani. Sina zaidi ya hilo.

Sasa sikiliza, maana hili ndilo lililonifanya nikae niandike. Mimi na Bibi Tatu tumekubaliana. Kila jioni akimaliza swala ya isha atapiga debe, fisi awepo asiwepo, na mimi nitajibu. Mmoja asipojibu, mwenzake anapita kwenye njia kwenda kuona. Mbuzi nitawafunga, mifupa nitafukia, komeo lako la pili nitalifunga ingawa sioni kazi yake. Unaweza kumpigia simu shangazi yako ukaulizia, najua utaulizia.

Sikudanganyi kwamba sitakuwa mpweke. Nitakuwa mpweke sana. Nitapika chakula kingi nikisahau, nitakuita jina lako nikitaka kiberiti. Kiti chako sitakihamisha. Jioni ya kesho, nikirudi kutoka Mkiwa na helmeti ya pili mkononi, sijui nitaingiaje humu ndani. Lakini huo ni upweke wa baba ambaye mtoto wake amekwenda kazini, na ni wangu, niachie. Hauhitaji mtu aache kazi mwisho wa mwezi. Usirudi kwa sababu ya fisi, Yulita. Rudi shule zikifungwa, kwa sababu umenikumbuka, ulale mpaka jua litoke, na debe likilia usiku usiamke. Nitaamka mimi.

Giza limeingia. Namwona mtu anapanda kilima na tochi ya simu, na kitu kinapapatika mkononi mwake, bila shaka ni kuku wa dada yangu. Kamanda amekwenda kukupokea. Na ng'ambo ya minyaa Bibi Tatu amepiga debe, la kwanza la mapatano yetu. Ngoja niweke kalamu nimjibu, usije ukafika ukadhani hakuna mtu nyumbani.

Nenda, mama.

Baba yako, mwenye macho mekundu,
Paskali